Axis & Allies 1942, Toleo la Pili: manowari zake zikipimwa kwa macho ya pwani

Anayefungua sanduku hili mara ya kwanza huanza na vifaru. Mtu wa Lamu huanza na meli, na hapa tunapima meli tu. Uhusiano wa nyambizi na destroya umetungwa kwa akili, na manowari ya ndege imepewa nafasi inayoistahili. Lakini Bahari ya Hindi ya mwaka 1942, maji haya haya yanayopiga gati la Lamu na ufuo wa Malindi, imepangwa vibaya tangu zamu ya kwanza. Meli zote zina mwendo mmoja, hakuna bandari, na meli ya askari ndiyo ya mwisho kuzama wakati katika vita vya kweli mara nyingi ilikuwa ya kwanza. Mengi kati ya hayo yanarekebishika kwa sarafu chache na sheria za nyumbani, nazo tumezieleza humu pamoja na sababu zake.

Kwa asiyeujua: ni mchezo wa ubao, si wa kompyuta. Ulitungwa na Larry Harris, na toleo hili lilitoka 2012 kwa jina la Avalon Hill. Hucheza watu wawili hadi watano, na mchezo mmoja hula saa tatu hadi tano, zaidi ya hapo kama wachezaji ni wageni. Zamu huanza na Sovieti, kisha Ujerumani, Uingereza, Japani, na Marekani mwisho. Kijitabu cha sheria ni cha Kiingereza, kwa hiyo kabla ya mchezo wa kwanza kubalianeni majina ya kete. Sisi tunasema nyambizi, destroya, kruza, manowari ya ndege, manowari kubwa (ile ya mizinga mizito), na meli ya uchukuzi.

Kila kete ina bei kwa pointi za viwanda, namba ya kushambulia na namba ya kujilinda. Ukirusha dadu ikatoka namba hiyo au chini yake, umepiga. Nyambizi ni pointi 6, inashambulia kwa 2 na kujilinda kwa 1. Destroya ni 8, kwa 2 na 2. Kruza ni 12, kwa 3 na 3. Manowari ya ndege ni 14, kwa 1 na 2, na inabeba ndege mbili za kivita ambazo kila moja ni pointi 10, kwa 3 na 4. Manowari kubwa ni 20, kwa 4 na 4, na haizami mpaka ipigwe mara mbili. Meli ya uchukuzi ni 7 na haina namba yoyote, yaani haipigani kabisa.

Fanya hesabu kabla hujanunua kruza. Pointi 24 zinakupa kruza mbili au destroya tatu. Nguvu ya kushambulia ni sawa, 6 kwa 6, lakini destroya zinavumilia mapigo matatu na kruza mawili, na juu yake destroya inaizuia nyambizi. Ndiyo maana mchezaji mzoefu hanunui kruza, na hapo historia imepotea. Katika Bahari ya Hindi kruza ndiyo iliyokuwa punda wa kazi. Tarehe 8 Mei 1941 ilikuwa kruza Cornwall iliyoizamisha Pinguin, meli ya Ujerumani iliyojigeuza meli ya biashara, kaskazini mwa Ushelisheli. Februari mwaka ule ule ndege ndogo ya kruza Glasgow iliiona manowari ya Ujerumani Admiral Scheer ikiwinda meli za mizigo katika maji haya. Kazi ya kruza ilikuwa kwenda mbali, kutafuta na kukaa baharini muda mrefu, na mchezo hauna kutafuta: kila kete iko wazi mezani. Dawa yake ni nyepesi. Ipe kruza hatua tatu badala ya mbili, bei ibaki 12. Kuanzia hapo mtu ataona sababu ya kuinunua, na sababu hiyo itakuwa ile ile ya mwaka 1941.

Sasa nyambizi, ambapo mtunzi anastahili sifa. Kama adui hana destroya katika eneo hilo la bahari, nyambizi hurusha dadu yake kwanza, na kilichopigwa huondoka bila kujibu. Ikitaka, huzama chini na kuacha vita. Na inaweza kupita katika eneo lenye meli za adui bila kusimamishwa. Destroya moja tu ikifika, mambo yote matatu yanakoma. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: chombo kidogo chenye kifaa cha kusikiliza chini ya maji na mapipa ya baruti ya kulipuka kwenye kina kiliweza kuifunga nyambizi mikono, hata kisipoizamisha. Mgeni hukosea hapa kwa kupeleka manowari kubwa mbili na ndege bila destroya hata moja, akidhani pointi nyingi zinatosha. Nyambizi ya pointi 6 humpiga na kuzama chini, na ndege zake haziwezi kuigusa.

Hilo la ndege, hata hivyo, ndilo kosa ndani ya sheria nzuri. Sheria inasema ndege haiwezi kuipiga nyambizi kama upande wake hauna destroya katika eneo hilo. Tarehe 20 Agosti 1943 nyambizi ya Ujerumani U-197 ilizamishwa kusini mwa Madagaska na ndege za Catalina, bila meli yoyote kuwasaidia. Mei 1944 U-852 ilipigwa na ndege za Wellington kwenye pwani ya Somalia, ikashindwa kuzama chini, ikapandishwa ufuoni na kulipuliwa na mabaharia wake wenyewe. Hiyo ni pwani inayoanza mara tu unapovuka Kiunga na Ras Kamboni. Tunashauri hivi: ndege kubwa ya mabomu, ile ya pointi 12, iruhusiwe kuipiga nyambizi bila destroya, lakini kwa dadu ya 1 tu. Ndege za kivita zibaki na sheria ya kitabu, kwa sababu hazikuwa na masafa wala mabomu ya kazi hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni msafara. Kitabu kinasema anayejilinda ndiye anayechagua kipi kizame, na meli ya uchukuzi haichaguliwi mpaka manowari zote zilizo nayo ziwe zimeisha. Chukua msafara KR 8, uliotoka Mombasa kwenda Colombo Februari 1944. Meli tano za askari, zikisindikizwa na kruza Hawkins na destroya mbili, Paladin na Petard. Upange mezani ulivyokuwa: kruza moja, destroya mbili, meli za uchukuzi tano, na nyambizi moja ya Japani inayoshambulia. Kwa sheria za kitabu nyambizi ina nafasi moja katika tatu ya kupiga. Ikipiga, Mwingereza ataondoa destroya. Meli ya askari haiwezi kuguswa kabla nyambizi haijazamisha manowari zote tatu, jambo ambalo halitatokea, kwa kuwa kila mzunguko wasindikizaji wana nafasi 7 kati ya 9 ya kuipiga nyambizi hiyo.

Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Visiwa vya Maldivi, nyambizi I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili. Ilizama kwa muda wa dakika chache tu. Waliokuwemo walikuwa 1,511, na 1,297 walikufa. Wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa nchi hizi zetu, na walikuwemo wauguzi pia. Wasindikizaji wote watatu walikuwa wazima topido zile zilipopiga. Kisha zikaja saa za kuiwinda nyambizi, iliyokuwa imejificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika, na baruti zikashushwa hivyo hivyo. Ilipoibuka, Paladin iliigonga na kuumia yenyewe, mizinga haikuimaliza, na Petard ikafyatua topido moja moja mpaka ya saba ndipo ikailipua.

Kwa hiyo mchezo unapatia kifo cha nyambizi na unakosea maiti zake. Kwa mtu wa pwani hili si jambo dogo. Meli ya uchukuzi kwenye ubao ni kipande cha plastiki cha pointi 7 kinacholindwa na sheria, na waliolipa gharama ya bahari hii walikuwa ndani ya meli kama hiyo.

Rekebisho tunalolitumia: nyambizi inaposhambulia msafara wenye destroya na dadu ikatoka 1, anayeshambulia ndiye anayechagua kinachozama, hata kama ni meli ya uchukuzi yenye askari. Ikitoka 2, anayejilinda achague kama kawaida. Bila destroya, 1 na 2 zote ni chaguo la nyambizi. Matokeo yake ni kwamba meli ya uchukuzi huanza kuogopa, na mchezaji hupeleka destroya mbili badala ya moja, si kwa kuwa ya pili inazuia dadu ya 1, ila kwa kuwa inaongeza nafasi ya kumaliza nyambizi kabla haijarusha tena. Msiifanye sheria hii kuwa kali zaidi. Mkimpa mwenye nyambizi chaguo kwa dadu ya 2 hata mbele ya destroya, Ujerumani itanunua nyambizi tupu na Uingereza haitafika Ulaya kamwe.

Kuna pengo ambalo sheria ya nyumbani haizibi vizuri. Katika toleo hili nyambizi haiwezi kumnyang'anya adui mapato kwa kukaa kwenye njia ya biashara. Juni na Julai 1942 nyambizi za Japani zilizamisha zaidi ya meli 20 za mizigo katika Mlango wa Msumbiji, na hasara hiyo haina mahali pa kuandikwa kwenye ubao. Toleo la 1940, lililo kubwa na ghali zaidi, lina sheria ya njia za misafara inayofanya kazi hiyo. Kama hilo ndilo unalolitafuta, nunua la 1940 moja kwa moja.

Tuje kwenye mpangilio wa kuanzia. Jina la sanduku ni 1942, na vita vinaanzia miezi ya mwanzo ya mwaka huo. Tarehe 5 Aprili 1942 Nagumo, amiri wa Japani, alifika Ceylon (Sri Lanka ya leo) na manowari za ndege tano, Akagi, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku, pamoja na manowari kubwa nne zenye mbio. Colombo ilipigwa asubuhi, na siku hiyo hiyo kruza Dorsetshire na Cornwall, ile ile iliyoizamisha Pinguin, zilizamishwa na ndege. Tarehe 9 Trincomalee ikapigwa na manowari ya ndege Hermes ikazama bila hata ndege moja ndani yake. Somerville, amiri wa Uingereza, alikuwa na manowari kubwa tano, Warspite na nyingine nne za zamani, na manowari za ndege mbili mpya, Indomitable na Formidable. Alijificha Addu, kusini kabisa mwa Maldivi, na baada ya hapo akaja Kilindini, Mombasa. Kwa miezi mingi iliyofuata makao ya kikosi cha Uingereza cha bahari yote ya mashariki yalikuwa pwani hii.

Kwenye ubao, Uingereza inaanza maji ya India ikiwa na manowari ya ndege na kruza, na haina manowari kubwa hata moja upande huu wa dunia. Zaidi ya hapo, Uingereza inacheza kabla ya Japani. Wachezaji wazoefu hukusanya kila meli ya Uingereza iliyo karibu na kuishambulia Japani kwenye visiwa vya East Indies (Indonesia ya leo) zamu ya kwanza, na mara nyingine wanashinda. Hilo limeigeuza historia kichwa chini. Aprili 1942 Uingereza ilikuwa inakimbia, na kukimbia ndiko kulikoiokoa.

Tumeipanga upya hivi. Ongeza manowari kubwa moja ya Uingereza katika maji ya India na ikubaliwe kuwa inakwenda hatua moja tu kwa zamu, mchezo mzima. Inasimama badala ya zile nne za zamani zilizoshushwa majini 1915 na 1916, ambazo mwendo wake haukuzidi nodi 21 wakati Akagi ilikimbia nodi 31. Somerville mwenyewe alilazimika kuzigawa: zenye mbio kwake, zilizo nzito kwa Willis, naibu wake, kwa sababu zikienda pamoja zote huwa na mwendo wa iliyo nyuma. Kisha, kabla ya zamu ya kwanza ya Uingereza, Japani ifanye shambulio moja la bahari upande wa Bahari ya Hindi, kwa meli na ndege zinazoweza kufika, bila kushusha askari. Kabla dadu hazijarushwa, Uingereza iruhusiwe kurudisha nyuma meli zake eneo moja kuelekea magharibi, isipokuwa kruza, ambayo lazima ibaki. Meli za Japani zilizoshambulia hubaki huko mpaka zamu ya Japani ifike.

Ukipanga hivyo, kruza ya Uingereza hupotea karibu kila mara, na mengine hutegemea kama Mwingereza amekubali kukimbia. Wanaokataa hupoteza manowari ya ndege na India nzima hubaki wazi kufikia zamu ya tatu. Japani nayo hulipa, kwa kuwa meli zake ziko mbali na Marekani. Mwenye kucheza Marekani asikose nafasi hiyo.

Kitu kingine kinachopaswa kuondolewa ni kiwanda cha India kujenga manowari. Kitabu kinaruhusu kununua manowari ya ndege kwa pointi 14 na kuiweka baharini India mwisho wa zamu hiyo hiyo. Indomitable ilianza kuundwa Novemba 1937 na kuingia kazini Oktoba 1941, tena Uingereza kwenyewe, penye viwanda vyote. Sema tu kwamba kiwanda cha India kijenge destroya, nyambizi na meli za uchukuzi peke yake. Manowari ya ndege na manowari kubwa zizaliwe Uingereza na kuzunguka Afrika au kupita Suez kama Misri na Transjordan bado ziko mikononi mwa Washirika. Safari hiyo ndefu ndiyo iliyokuwa shida yenyewe ya vita vya bahari hii.

Na manowari kubwa iliyopigwa mara moja? Kitabu kinaisimamisha tena vita vinapokwisha, bila gharama, bila bandari. Usiku wa tarehe 30 Mei 1942 nyambizi ndogo za Japani ziliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaipiga Ramillies kwa topido na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Ramillies ilifanyiwa matengenezo ya muda Durban, kisha ikapelekwa Uingereza, na haikurudi kazini mpaka 1943. Topido moja iliiondoa manowari kubwa kwa karibu mwaka mzima. Kwenye ubao ingepona kabla chai haijapoa.

Hapa ndipo sarafu zinapohitajika. Weka sarafu moja kwenye pwani ya Afrika Mashariki iwe Kilindini, nyingine Afrika Kusini iwe Durban, na moja kwenye kila kiwanda kilicho pwani. Manowari kubwa iliyopigwa hukaa na doa mpaka imalize zamu mbili kamili katika eneo lenye sarafu ya upande wake. Alama nzuri ya doa ni tone la rangi ya kucha kwenye kijisahani cha chini ya kete, kwa maana kete iliyolazwa ubavu huinuliwa na mkono wa mtu na hesabu hupotea. Vile vile meli yoyote inayoanza zamu kwenye sarafu ipate hatua moja zaidi. Sheria ya mwisho hii tumeiazima kutoka kwenye vituo vya manowari vya toleo la 1940, na inafanya jambo zuri: ghafla Mombasa ina thamani. Ilikuwa nayo kweli, hata kwa masikio, kwa sababu wasikilizaji wa redio za Japani waliohamishwa kutoka Colombo waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, na kazi yao ya kufumbua ujumbe wa siri iliendelea pale.

Kushusha askari kutoka baharini kumerahisishwa kupita kiasi. Meli ya uchukuzi hubeba kikosi kimoja cha aina yoyote na kikosi kimoja cha askari wa miguu, hupakia, hwenda na kushusha katika zamu moja. Kama hakukuwa na vita vya meli katika eneo hilo, kila kruza na manowari kubwa hupiga ufuo mara moja, lakini mapigo hayazidi idadi ya vikosi vilivyoshuka. Kizuizi hicho cha mwisho wengi hukisahau na kupiga ufuo kwa meli nne huku wameshusha kikosi kimoja. Nambari ziko sawa. Kinachokosekana ni maji yenyewe. Uingereza ilipoingia Diego Suarez tarehe 5 Mei 1942 ilipita upande wa magharibi usiku, kati ya miamba na mabomu ya majini, njia ambayo walinzi wa Kifaransa, waliokuwa chini ya serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Ujerumani, waliamini haipitiki gizani. Meli ndogo ya kusindikiza, Auricula, iligonga bomu na kuzama. Usiku wa tarehe 6 destroya Anthony ilipenya mlango wa bandari chini ya mizinga ya pwani na kushusha wanamaji 50 nyuma ya mstari wa Wafaransa. Kwenye ubao Madagaska iko upande wa Washirika tangu mwanzo, kwa hiyo vita hivyo havipo kabisa, na askari wa Afrika Mashariki waliopigana huko mpaka Novemba mwaka huo hawana pa kusimama.

Tukitaka kuvirudisha, tunaifanya Madagaska isiwe ya mtu, tunaiwekea kikosi kimoja cha miguu kinachojilinda kwa 2, na anayeitwaa kwanza huipata. Destroya iruhusiwe kubeba kikosi kimoja cha miguu, lakini zamu hiyo isirushe dadu. Kwa kupwa na kujaa tunatumia dadu moja: kabla ya kushusha askari popote kwenye Bahari ya Hindi, ikitoka 6 maji yamekupwa, na kikosi kimoja kinabaki ndani ya meli mpaka zamu ijayo. Wasiokulia pwani huiona sheria hii kama bahati nasibu tu. Lamu haihitaji kuelezwa, kwa sababu katika mapigano ya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, majahazi ya Mombasa na Pate yalikwama mchangani maji yalipokupwa, na waliokuja kuiteka Lamu wakakosa pa kukimbilia.

Kusi na kaskazi tumejaribu kuviingiza na tukaviacha. Zamu moja ya mchezo ni miezi kadhaa, kwa hiyo msimu ungebadilika kila zamu na kuchanganya watu bila faida. Ni hasara, kwani Wajerumani walipotuma nyambizi zao Bahari ya Hindi mwaka 1943 walilipa kundi hilo jina la monsuni yenyewe na kupanga zifike msimu ukiisha.

Kuhusu kete zenyewe: zimechongwa vizuri na kila taifa lina umbo lake, lakini ukali wa historia umelegea. Manowari ya ndege ya Ujerumani ni Graf Zeppelin, iliyoshushwa majini 1938 na haikukamilika kamwe. Manowari kubwa ya Marekani ni ya aina ya Iowa, na Iowa ya kwanza iliingia kazini Februari 1943. Italia haina kete zake. Meli zake zimevikwa rangi ya Ujerumani, ndiyo sababu unaona manowari kubwa ya Kijerumani katika Mediterania, mahali ambapo Ujerumani haikuwa nayo katika vita hivyo. Kosa linaloudhi mezani ni jingine: kruza na destroya za taifa moja zinafanana mno kwenye mwanga hafifu. Zipake kruza tone la rangi mkiani kabla ya mchezo wa kwanza, maana ugomvi wa "hii ilikuwa kruza" hauamuliki saa tatu baadaye.

Kwa wanaoagizia Lamu, sanduku livukishwe kutoka Mokowe ndani ya nailoni mbili. Ubao ni wa kadi, na ukiloa ukingoni hupinda na hauketi tena. Uuhifadhi ukiwa umelazwa chini ya kitu kizito, usisimamishwe ukutani, na kete ziwekwe kwenye makopo yenye vifuniko, moja kwa kila taifa. Msicheze barazani wakati wa kusi. Meli za plastiki ni nyepesi na upepo mmoja utazihamisha eneo zima la bahari. Ndani ya daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, pametulia. Dadu zirushwe kwenye sinia lenye kitambaa, kwa sababu dadu ikianguka katikati ya Bahari ya Hindi huangusha kila kitu kati ya Mombasa na Colombo.